Kukonda kwa mzee mwenye ugonjwa wa mapafu si jambo la kupongezwa

Mhariri,

Mwaka juzi mama yangu alipanda mizani kliniki moja hapa Nairobi. Nesi akasoma namba, akamwambia kwa moyo safi: "Hongera shosho, umepungua vizuri. Endelea hivyo hivyo." Mama akatabasamu, nami nikatabasamu. Tabasamu hilo nimelijutia. Alikuwa ametoka kilo 64 hadi 55 kwa miezi minane, bila kujinyima chakula na bila kufanya mazoezi yoyote. Alikuwa akiisha mbele ya macho yetu, nasi tukampigia makofi.

Mama ana miaka 73 na hajawahi kuvuta sigara hata moja. Alikulia Kitui akipika kwa kuni katika chumba kisicho na dirisha, kisha akaja mjini akapikia watu chapati na maharagwe Gikomba kwa jiko la makaa kwa zaidi ya miaka thelathini. Majirani walisema ana pumu. Tulipofika kwa daktari aliyempulizisha kwenye mashine ya kupima pumzi, tuliambiwa ni ugonjwa sugu wa mapafu, ule ambao njia za hewa huwa nyembamba na hazirudi tena kama zamani. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya wagonjwa 7 kati ya 10 waliupata kwa tumbaku, lakini katika nchi kama yetu tumbaku inaeleza watatu au wanne tu kati ya 10. Moshi wa jikoni ni miongoni mwa sababu kubwa kwa wale wengine. Wengi wao ni akina mama wa umri wa mama yangu.

Simlaumu yule nesi. Mama ana presha pia, na mgonjwa wa presha hapa kwetu huambiwa kila mwaka apunguze mwili. Kwa mtu wa miaka 45 mwenye kitambi ushauri huo ni wa kweli. Kwa mzee ambaye mapafu yake yamechoka, ushauri uleule unaweza kumdhuru, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mtu mzima mwenye mapafu mazuri hatumii nguvu nyingi kupumua. Hata hajui kwamba anapumua. Mgonjwa wa mapafu hutumia nguvu mara nyingi zaidi, mchana na usiku, kwa sababu kila pumzi lazima isukumwe kwa misuli ya kifua, ya shingo na ya tumbo. Chakula anachokula kinateketea huko. Papo hapo, kula kwenyewe kunamchosha: akitafuna anakosa pumzi, na tumbo likijaa ugali linasukuma mapafu kutoka chini. Kwa hiyo anakula vijiko vitano na kusema ameshiba. Mwili ukikosa chakula huanza kula misuli, na misuli ya kupumulia ni misuli kama mingine. Hapo ndipo mama alipokuwa tulipokuwa tukimpongeza.

Madaktari wanalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 2004 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha kipimo kiitwacho BODE, cha kukadiria ni mgonjwa yupi wa mapafu yuko hatarini zaidi kufa. Kinaangalia mambo manne: uwiano wa uzito na kimo (BMI), kiasi cha kuziba kwa njia za hewa, ukali wa kukosa pumzi, na umbali ambao mgonjwa anatembea kwa dakika 6. Uwiano huo ukiwa 21 au chini, mgonjwa anaongezewa alama ya hatari. Kwa mama yangu, mwenye kimo cha sentimita 158, namba 21 ni kama kilo 52. Kwenye ile chati ya ukutani ambayo wengi tunaifahamu, 21 imo ndani kabisa ya rangi ya kijani, mahali pa afya njema. Wakati mama anafika kilo 49, chati bado ilisema yuko sawa.

Kikohozi na kukonda kwa pamoja, hapa kwetu, humaanisha kupimwa TB, na ni vyema. Makohozi yake yalipimwa, hayakuwa na kitu. Tukaambiwa tushukuru Mungu, twende nyumbani. Hakuna aliyeuliza swali la pili: kama si TB, kilo 15 zimekwenda wapi? Mtaani nako maneno yalianza, kwamba huyu mama ana ule ugonjwa mwingine, na watu wakapunguza kuja kumwona. Alikaa ndani wiki nyingi kwa aibu ya mwili wake, na kukaa bila kutembea kukamalizia misuli ya miguu.

Kisha mizani ikatudanganya kwa upande wa pili. Msimu wa mvua ndefu alishikwa na kifua kibaya, na baada ya siku tano uzito ukapanda hadi kilo 53. Tulifurahi, tukadhani uji unafanya kazi. Dada yangu ndiye aliyegundua kwamba viatu havimwingii. Ukibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, shimo linabaki. Yale yalikuwa maji, na moyo ndio uliokuwa umelemewa.

Naomba nieleze hapa kwa kirefu kidogo, kwa sababu familia nyingi hazijaambiwa kwamba ugonjwa wa mapafu ni ugonjwa wa moyo pia. Oksijeni ikipungua ndani ya mapafu, mishipa ya damu iliyomo humo hujikaza. Upande wa kulia wa moyo, unaosukuma damu kwenda mapafuni, hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi mwaka baada ya mwaka, hadi unapanuka na kuchoka. Damu ikikwama nyuma, maji hujaa miguuni na tumboni. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari au zaidi, na oksijeni unayopata kwa kila pumzi hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Kijana halihisi hilo. Mzee mwenye mapafu mabovu analihisi kwenye kila ngazi. Zaidi ya hayo, katika siku na wiki zinazofuata kifua kuchachamaa, hatari ya mshtuko wa moyo na ya kiharusi hupanda. Kwa hiyo mzee aliyetoka tu kuugua kifua, akilalamika maumivu ya kifua au uchovu usio wa kawaida, arudishwe hospitali. Asiambiwe ni kifua kilekile.

Baada ya kupewa dawa za kutoa maji, mama alirudi kilo 48. Hiyo ndiyo iliyokuwa namba ya kweli.

Sitaki msomaji afikiri ninasifu unene. Ni kweli tafiti nyingi zimeona kwamba wagonjwa wa mapafu wenye uzito wa wastani au uliozidi kidogo huishi zaidi kuliko waliokonda, lakini sehemu ya sababu ni kwamba aliyezidiwa na ugonjwa hukonda kwanza. Mafuta si dawa. Kitambi kikubwa kinabana mapafu, kinaleta kukoroma na kukatika pumzi usingizini, kinaleta sukari, na moyo unalipa. Jirani yetu, dereva mstaafu wa matatu aliyevuta sigara miaka arobaini, ana kilo 90 na tumbo kubwa, lakini mapaja yake ni membamba kama ya mtoto na hawezi kuinuka kitini bila kushika meza. Huyu naye amepoteza misuli, ila mafuta yameificha. Yeye anahitaji kupunguza tumbo huku akijenga miguu, chini ya uangalizi. Mama yangu anahitaji kuongezeka. Wote wawili walipewa karatasi ileile ya ushauri.

Kilichomsaidia mama hatimaye ni mtaalamu wa lishe aliyekaa naye nusu saa. Alimwambia ale kidogo kidogo mara sita kwa siku, apumzike kabla ya kula, aanze na kilicho na nguvu kabla ya ugali: yai, ndengu, omena, maziwa. Uji wa wimbi utiwe maziwa na njugu zilizosagwa. Parachichi kila siku, kwa kuwa ni rahisi kulimeza na lina mafuta mazuri. Chumvi ipunguzwe kwa ajili ya moyo na yale maji. Na kila asubuhi ainuke kitini na kukaa mara kumi, kisha atembee hadi lango la ploti na kurudi. Zoezi hili la kiti tulilipuuza, kumbe bila misuli kufanya kazi chakula hugeuka mafuta tu.

Ombi langu kwa wanaosimamia kliniki za wazee, za presha na za kifua katika kaunti hii ni hili. Mzee akipima uzito, linganisheni na ule wa miezi sita iliyopita, na mkiona umeshuka zaidi ya asilimia 5 bila yeye kutaka, mtafute sababu: TB ndiyo, lakini pia saratani, meno, huzuni, upweke, na mapafu yenyewe. Bonyezeni miguu kabla ya kuamini mizani. Mwacheni ainuke kitini mbele yenu. Na mgonjwa wa mapafu apimwe moyo bila kungoja avimbe. Nasi wa nyumbani tumpime mzee asubuhi, baada ya haja ndogo na kabla ya chai, tuandike. Uzito ukipanda kilo mbili kwa siku tatu, huenda ni maji, mpelekeni hospitali.

Daftari la mama liko juu ya friji. Leo limeandikwa kilo 52 na nusu, miguu haijavimba.

Binti wa mgonjwa,
Kariobangi Kusini, Nairobi