Jina la Kaisari halikudumu mlimani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya hofu ninayoiona kwa waumini wenzangu kila siasa inapochafuka, iwe hapa nchini au ng'ambo. Jumapili iliyopita, tukiwa tunasubiri mnada wa mazao baada ya ibada, mzee mmoja aliyeleta mkungu wake wa ndizi, na ambaye usiku kucha alikuwa amekesha na redio, aliniambia kwamba dunia imewashinda wenyewe na Mungu naye amenyamaza. Nilimwonyesha Mlima Kilimanjaro, ambao asubuhi hiyo ulikuwa haujajifunika mawingu.

Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer alipofika kileleni alikiita kwa jina la Kaisari Wilhelm, mfalme wa Ujerumani, na mtu wa Moshi wa siku zile, hasa baada ya Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, kunyongwa na Wajerumani mwezi Machi 1900, angekuwa na kila sababu ya kuamini kwamba jina hilo halitafutika. Lakini mwaka 1916 Waingereza waliingia Moshi, Novemba 1918 Kaisari mwenyewe akakimbilia Uholanzi, alikofia mwaka 1941, na Waingereza nao wakashusha bendera yao Desemba 1961. Leo kilele ni Uhuru, na wajukuu zangu hawajui kama kiliwahi kuitwa vingine.

Danieli anasimulia jinsi Nebukadreza, aliyejisifia Babeli yake, alivyofukuzwa akala majani kama ng'ombe mpaka akakiri kwamba Aliye juu humpa ufalme amtakaye. Sura hiyo huihubiri wachache, pengine kwa kuwa wakubwa huketi viti vya mbele.

Hata hivyo, siungani na wanaoitumia imani hii kuwanyamazisha watu. Kwa waliosimama pale Old Moshi wakitazama ule mti aliotundikwa Mangi wao, miaka 18 hadi Kaisari aanguke ilikuwa mirefu mno, na kwa nini Mungu hakuharakisha, mimi sina jibu. Ninachojua ni kwamba mwenye mamlaka ameazimwa, na aliyeazimwa huulizwa. Basi kwetu viongozi huombewa kila alfajiri, na kesho, tukishasema amina, nitarudi tena ofisi ya kijiji kuuliza zilikokwenda fedha tulizochanga za kukarabati mfereji.

Wako,
Msomaji, Old Moshi