Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa National Portrait Gallery, London: Churchill wa 1954 na Kenya ya 1954

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokea salamu kutoka Nyeri.

Ninakuandikia kuhusu michoro ya awali ya Winston Churchill iliyo katika hazina yenu, kazi ya mchoraji Mwingereza Graham Sutherland ya mwaka 1954. Picha kamili haipo tena. Wabunge wa Uingereza walichanga gini 1,000 (fedha ya Kiingereza ya zamani) Waziri Mkuu wao achorwe anapotimiza miaka 80, na Novemba 30 akakabidhiwa zawadi hiyo hadharani, Westminster Hall. Aliichukia. Ilimwonyesha mzee mzito, ameshikilia kiti kwa mikono miwili, uso umechoka. Baadaye iliteketezwa kwa ridhaa ya mkewe, Clementine, na umma haukujua hadi 1978, mama huyo akiwa ameshafariki.

Michoro yenu, basi, ni sehemu ya masalia machache ya kazi ile. Ndiyo maana nayapa uzito maelezo yanayoandikwa kando yake.

Mzee aliyekaa mbele ya mchoraji kule nyumbani kwake Chartwell ndiye aliyeongoza serikali iliyotuwekea hali ya hatari Oktoba 1952 ili kuwakandamiza Mau Mau, waliopigania ardhi na uhuru. Mwaka uleule wa picha, Aprili 24, wanajeshi waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani na kuchujwa ili kuwasaka wafuasi wa Mau Mau. Mtu aliyefunikwa gunia usoni alitikisa kichwa tu, nawe ukapakiwa kupelekwa kambi ya kizuizini ya Manyani au Mackinnon Road bila kushtakiwa. Maelfu kwa maelfu walikwenda hivyo. Sisemi kila kiboko kilichopigwa kambini kiliamriwa na Churchill. Nasema serikali ilikuwa yake.

Wala hili si dai la kubishaniwa tena. Mwaka 2011 ilifichuka kwamba mafaili ya utawala wa kikoloni yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, jengo la serikali ya Uingereza. Juni 6, 2013, William Hague, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alisimama bungeni akakiri mateso yale, akatangaza pauni milioni 19.9 kumaliza kesi ya wadai 5,228, gharama zikiwemo.

Naomba mawili. Popote michoro hiyo itakapotundikwa, maelezo yake yaitaje Kenya kwa jina. Pili, azimeni mchoro mmoja kwa Makumbusho ya Taifa, Nairobi, uonyeshwe pamoja na picha za kambi. Wazee waliopitia Manyani wamebaki wachache, na safari ya London hawaiwezi, kwa hiyo nakusihi usilicheleweshe hili la pili.

Wako,
Mwananchi wa Nyeri