Shangazi, nichore vipimo vipi?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 52, kwa hiyo huenda wewe ndiye unayepaswa kuniamkia mimi, lakini mwenye shida hujishusha. Nataka kuchora tatuu, ya kwanza na nadhani ya mwisho. Tafadhali usianze na swali la kama nichore au nisichore. Hilo nimelimaliza. La dini nimelimaliza mimi na nafsi yangu, na wanaosema "mtu mzima hovyo" nimeshawasikia. Kinachonishinda ni kuchagua nichore nini hasa, maana nyumbani kila mtu ana jibu lake.

Marehemu mama yangu alikuwa fundi wa kushona nguo za kike. Alipofariki, mimi na dada yangu tuligawana vitu vyake bila ugomvi: dada akachukua cherehani, mimi nikachukua daftari la vipimo. Humo kuna wateja wa miaka mingi, na katikati yao tumo sisi wanawe, kwa sababu mama hakuwa na ukurasa maalumu wa watoto. Tulipimwa kama wateja na kuandikwa kama wateja, ila hatukuandikiwa deni. Aliandika kwa mkato wake mwenyewe: Kf ni kifua, Kn ni kiuno, Ny ni nyonga.

Nimelipekua lote, na mistari inayonishika ni miwili. Wa kwanza ni wa gauni langu la harusi: Kf 34, Kn 26, Ny 37. Mwandiko umenyooka, kalamu imekandamizwa kwa mkono wa mtu mwenye nguvu zake. Wa pili aliuandika nikiwa na miaka 46: Kf 40, Kn 36½, Ny 44. Alikuwa ameshaanza kuugua na mkono unatetemeka. Ile 4 ya mwisho imeporomoka chini ya mstari. Gauni la vipimo hivyo hakuwahi kulikata.

Moyo wangu uko kwenye mstari wa pili. Fundi akikupima kifua au kiuno hana budi kukuzungushia mikono, na sisi hatukuwa watu wa kukumbatiana. Kwa mama, nadhani futikamba ilikuwa kisingizio. Siku ile alinipima polepole kuliko kawaida yake, akazitaja namba kwa sauti ili asizisahau, wala hakusema nimenenepa. Wengine wote walikuwa wameshasema.

Sasa wasikie wenzangu. Mume wangu anataka ule wa harusi. Anasema ni kumbukumbu ya furaha, kwa nini nijichoree ugonjwa wa mama mkononi? Huenda ana hoja, na mtu mbaya siye. Lakini alipoiona ile 26 alitabasamu tabasamu ninalolijua. Nikifikiria kutembea na kiuno cha 26 kilichoandikwa mkononi, na kiuno chenyewe kikiwa hapa kilipo, naona nitakuwa nimejiandikia lawama ya maisha. Binti yangu naye anasema niachane kabisa na namba, nichore mkasi, au sindano na uzi, "ili watu waelewe". Hapo ndipo tunapoachana. Mkasi utaeleweka na kila mtu, na sitaki kueleweka na kila mtu. Nataka kitu nikisomacho mimi.

Aliyenitikisa ni dada. Hakunisuta wala hakunikataza. Alisema tu kwamba yeye ndiye aliyemuuguza mama, ule mkono unaotetemeka anaujua kwa kuushika, na hataki kukutana nao kila ninapomnyooshea kitu. Sikuwa na la kumjibu. Ngozi ni yangu, ndiyo, lakini atakayeitazama kwa miaka yote iliyobaki si mimi peke yangu.

Usidhani nimekurupuka. Nilikwenda kwa mchora tatuu, mwanamke wa makamo kama mimi, akanikalisha na kunieleza kazi yake. Wino haukai juu ya ngozi; sindano huupeleka kwenye tabaka la pili, milimita moja au mbili ndani, na seli za kinga za mwili huumeza na kubaki nao palepale. Ndiyo maana hautoki kwa kuoga. Lakini pia hautulii kabisa. Kadiri miaka inavyokwenda mistari hutanuka kidogo, na vitundu vya 4 na 6 vinaweza kuziba. Ngozi nayo hupungua unene kadiri umri unavyosogea, hasa hedhi ikishakoma, na sindano ikizama mno wino hutapakaa pembeni na kuacha kivuli. Kwa hiyo mwandiko wa mama, ambao ni mdogo, lazima aukuze mpaka kila namba ilingane na kucha ya kidole gumba. Ile nusu ya 36½ ameikataa katakata. Anasema itageuka doa. Shangazi, mama hakuwa mtu wa kuacha nusu inchi. Niandike 36 niseme uongo, au 37 niseme uongo mwingine?

Kuhusu mtetemo, anasema hauna shida. Atanakili mwandiko kwenye karatasi ya stensili, aubandike ngozini kwanza, kisha aufuate ulivyo. Alichoomba ni kwamba wakiniuliza nani alichora, nisimtaje, maana watadhani aliyetetemeka ni yeye. Tulicheka.

Mengine tumeyamaliza. Sindano mpya inafunguliwa mbele yangu, wino ni mweusi mtupu, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi kama yangu rangi hafifu kama njano hazionekani vizuri. Niliwahi kuota kovu la keloidi, yaani lile linalovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, sikioni nilipotoboa tundu la pili, basi daktari wa ngozi akanishauri nianze na vidoti vichache mahali pasipoonekana, kisha nisubiri kwa miezi, maana keloidi huweza kuchelewa kujitokeza. Vidoti vimebaki bapa, na daktari anasema hiyo ni dalili njema ingawa si hakikisho. Amenikumbusha pia kwamba nikienda kupigwa picha ya uchunguzi wa matiti niseme nina tatuu, kwani chembe za wino husafiri hadi kwenye tezi za kwapani na zinaweza kuonekana pale. Nalitaja hili kwa faida ya wanawake wa rika langu wanaosoma. Mimi sikuwa nalijua. Na mume wangu anayesema "ukijuta utafuta kwa leza" nimemwambia leza ni vikao vingi na vya maumivu, na kwa mtu wa keloidi si njia ya kuitegemea.

Kilichobaki ni mahali, na hapa yule mchoraji aliniambia jambo lililonikalisha kimya. Nilitaka sehemu ya ndani ya mkono wa kushoto, kati ya kiwiko na kiganja: jua halipafikii sana, ngozi yake hailegei haraka, nami nitapaona bila kioo. Akaniambia kwamba namba tupu zilizopangwa mstari mmoja, kwenye mkono wa kushoto, zina historia yake. Wafungwa wa kambi ya Auschwitz walichorwa namba hapo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na wapo wajukuu waliochora namba za babu na bibi zao ili zisisahaulike. Sitaki kabisa kuikanyaga kumbukumbu ya watu wengine kwa kutojua. Kwa hiyo herufi za mama, Kf, Kn na Ny, lazima zibaki. Zikibaki, mstari unakuwa mrefu kuliko nafasi iliyopo, na itabidi tuukate vipande vitatu, kimoja chini ya kingine, jambo ambalo mama hakulifanya kwenye daftari. Ama nihamie mkono wa kulia, au nipande juu ya kiwiko, ambako sitaweza kuusoma vizuri.

Nimejaribu kwa kalamu ya wino wa kawaida, nikaenda nao kazini. Nilipoandika namba peke yake, mwenzangu mmoja aliuliza nambari hiyo ya simu ni ya nani. Nilipoongeza herufi, mwingine akanionya nisitembee na neno la siri mkononi. Sikuwaeleza, na nilifurahi kutowaeleza.

Tena kuna suala la upande. Wachoraji wengi hupendelea maandishi yasomeke na anayekutazama, mkono ukiwa umening'inia. Mimi nataka yanitazame mimi, hata kama kwa wengine yatakuwa kichwa chini. Mchoraji amekubali kwa shingo upande. Hapo sihitaji ushauri, nakujulisha tu.

Ninachokuomba ni hiki. Kati ya mistari ile miwili, je, naruhusiwa kuuchagua ule unaomuumiza dada, kwa sababu tu kwangu ndio wenye mikono ya mama? Au nitafute kisichomgusa, kwa mfano mstari wa utotoni, ulio mzuri lakini haunisemi chochote? Na je, yawezekana nang'ang'ania ule wa pili kwa kumkomoa mume wangu na tabasamu lake? Nimejichunguza na sipati jibu moja; siku nyingine ni mapenzi matupu, siku nyingine nasikia na ukaidi ndani yake.

Nafasi nimeshapewa, ni mwezi ujao, na malipo ya awali hayarudishwi. Dada hajui kwamba siku imepangwa. Nimwambie kabla, nikijua atalia, au nimwonyeshe ikishapona?

Ni mimi,
Mwenye Daftari