Majina ya Waelfi tuyasome kwa ulimi wetu, tusiazime wa Kiingereza

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo ambalo wapenzi wa michezo ya kuigiza mezani wanalichukulia kuwa dogo. Nina maana ile michezo ya fantasia ambayo mwendesha mchezo anasimulia na kila mchezaji anabeba mhusika wake. Jambo lenyewe ni namna ya kutamka majina ya kubuni. Nitashika dunia moja tu, Middle-earth ya J.R.R. Tolkien, kwa kuwa mtunzi mwenyewe aliiachia kanuni za matamshi, na kwa kuwa michezo kadhaa imejengwa juu yake, kuanzia Middle-earth Role Playing ya 1984 hadi The One Ring ya 2011.

Kinachosikitisha ni kwamba msemaji wa Kiswahili akikutana na jina la mtu kama Galadriel au la nchi kama Mordor, anaweka ulimi wake pembeni na kuazima wa Kiingereza. O anaivuta mpaka inakuwa "ou", r anaimeza, na Mordor inatoka "Moda". Anaamini huo ndio usahihi, kumbe ndio anazidi kuukimbia. Tolkien alikuwa profesa wa lugha Oxford. Lugha za Waelfi wake, jamii ya kubuni inayofanana na binadamu, hazikufuata sauti za Kiingereza: Quenya aliitunga akiwa na Kifini sikioni, Sindarin akiwa na Kiwelshi. Katika nyongeza E, iliyo mwishoni mwa juzuu ya tatu ya The Lord of the Rings ya 1955, alieleza herufi moja baada ya nyingine. Ukiisoma ukiwa unajua Kiswahili, utashangaa jinsi kazi ilivyokwisha kufanyika kinywani mwako.

Irabu ni tano, na kila moja ina sauti yake isiyoyumba, karibu sawa na a, e, i, o, u zetu. E ya mwisho haimezwi kamwe: Manwë ni "Manwe". Vile vidoti viwili havibadilishi sauti yoyote. Vimewekwa kumzuia msomaji wa Kiingereza asiimeze e au asiziunganishe irabu mbili, kwa hiyo sisi tuvipite tu. R inatamkwa popote ilipo, mwanzoni, katikati na mwishoni, kwa ncha ya ulimi. Th ni ile ya "thamani". Dh ni ile ya "dhahabu", ndiyo inayosikika katika Caradhras. Gh ya lugha ya Mordor, kama katika neno "ghâsh", yaani moto, ni ile ya "ghafla". Hata jina Quenya lenyewe linatoka kinywani kama "kwenye" iliyobadilishiwa irabu ya mwisho. Mwingereza anahitaji maelezo marefu kwa baadhi ya sauti hizi. Sisi tunazo tangu utotoni, ila kwa yule aliyezoea kusema "zahabu" na "samani ya mali". Huyo itambidi azirudishe dh na th mahali pake, maana akisema "Karazras" wenzake hawatajua anataja mlima gani.

Herufi mbili ndizo za kutega. C daima ni k, hata ikifuatwa na e au i: Celeborn ni "Keleborn", Cirith Ungol ni "Kirith Ungol". Ch nayo si ya "chai" hata siku moja. Ni kh ya "Khamis" inapotamkwa kwa ukamilifu wake, kwa hiyo mbwamwitu Carcharoth ni "Karkharoth". Ng ikiwa katikati ya neno, kama Ungol, inasikika kama ya "ngoma". Ikiwa mwishoni, kama Glaurung, ni ng' ya "ng'ombe". Y ya Sindarin ina sauti tusiyokuwa nayo, ile u nyembamba ya Kifaransa, lakini Tolkien ameeleza kwamba watu wa Gondor, ufalme wa binadamu katika hadithi hiyo, kwa kawaida waliitamka i. Basi jina Emyn Muil lisome "Emin Muil" bila wasiwasi, umesema kama mtu wa Gondor.

Sasa nije palipo na shida, na mtego wa kwanza ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo ndiyo yanayotuponza. Kanuni ya Tolkien ni hii. Jina la silabi mbili hubeba mkazo kwenye ya kwanza karibu kila mara. Likizidi silabi mbili, itazame silabi ya pili kutoka mwisho. Ikiwa ina irabu ndefu (yenye alama juu yake), au irabu mbili zilizoungana, au irabu inayofuatwa na konsonanti mbili au zaidi, mkazo unakaa hapo. Ikikosa vyote hivyo, mkazo unarudi nyuma hatua moja, kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho.

Chukua Isildur: i-sil-dur. Ya pili kutoka mwisho ni "sil", na i yake inafuatwa na l na d, konsonanti mbili, basi ni i-SIL-dur, sawasawa na mazoea yetu. Elentári ni e-len-TA-ri kwa sababu ya á ndefu. Celebrimbor ni ke-le-BRIM-bor. Hapa kote Kiswahili chako kinakufikisha bila kufikiri.

Chukua sasa Denethor. Silabi ni de-ne-thor. Ya pili kutoka mwisho ni "ne": irabu fupi, na baada yake kuna th. Hapa wengi wanateleza. Wanaona herufi mbili, t na h, wanahesabu konsonanti mbili na kuuweka mkazo kwenye "ne". Lakini th ni sauti moja, kama ilivyo katika "thelathini", na Tolkien ameagiza ihesabiwe moja, pamoja na dh na ch. Kwa hiyo "ne" ni nyepesi, mkazo unarudi nyuma, na jina ni DE-ne-thor. Kwa hesabu hiyohiyo utapata LE-go-las, A-ra-gorn, BO-ro-mir, FA-ra-mir, GON-do-lin na KE-le-born.

Sikio la Kiswahili halishindwi na mkazo huu. Kila siku tunasema LA-zi-ma bila kujikwaa. DE-ne-thor ina mdundo huohuo. Kwa majina ya silabi nne tuna kielelezo bora zaidi, neno "barabara". Ukimaanisha njia ya magari, mkazo uko kwenye silabi ya tatu: ba-ra-BA-ra. Ukimaanisha sawasawa, ipasavyo, unasema ba-RA-ba-ra. Sasa weka Galadriel juu ya hiyo barabara ya pili: ga-LA-dri-el. I na e hapo haziungani, ni silabi mbili. Ecthelion ni ek-THE-li-on, Ithilien ni i-THI-li-en. Mwendesha mchezo anayetaka kuwafundisha wenzake kwa dakika tano awagongeshe meza: ba-RA-ba-ra, ga-LA-dri-el, ba-RA-ba-ra, i-THI-li-en. Haihitaji zaidi.

Mtego wa pili ni irabu zilizoungana. Kwetu "sauti" ni silabi tatu, sa-u-ti, na u ndiyo inayobeba mkazo. Kwa mazoea hayo Sauron inasomwa sa-U-ron. Kwa Waelfi au ni silabi moja inayotamkwa kwa pumzi moja, uzito ukiwa kwenye a na u ikifuata kwa wepesi: SAU-ron, silabi mbili tu. Kosa hili lina gharama kubwa mezani kuliko mengine yote, kwa sababu katika hadithi hiyohiyo yumo Saruman, SA-ru-man. Ukimfanya Sauron wa silabi tatu, mabwana wawili waovu wanafanana masikioni, na mchezaji anayesikiliza kwa nusu sikio atapeleka jeshi lake mlango usio wake. Hali ni hiyo kwa ai, ei, ui, na kwa ae na oe za Sindarin. Mto Anduin ni AN-duin, si an-DU-in. Dúnedain ni DUU-ne-dain. Kwa upande mwingine, ea na eo katika majina ya Kielfi hubaki mbalimbali kama katika "leo": Fëanor ni FE-a-nor, Eärendil ni e-a-REN-dil. Lúthien ni LUU-thi-en, wala si lu-THI-en.

Mtego wa tatu ni kuongeza irabu mwishoni. Majina mengi haya yanaishia konsonanti, na ulimi wetu hupenda kufunga kwa irabu: Denethori, Legolasi. Ubaya wake ni kwamba umeongeza silabi, na mkazo wa Kiswahili unahamia papo hapo: de-ne-THO-ri, le-go-LA-si. Jina limeharibika mara mbili kwa kosa moja. Dawa ni kuzoea kulitaja ndani ya sentensi ambayo neno linalofuata linaanza kwa irabu: "Denethor alikataa", "Legolas alilenga". Ile r au s inapata a ya kuegemea, na hamu ya kuongeza i inaisha. Asiyeamini kwamba anaweza aseme Dar es Salaam. Hapo amemalizia kwa r, kwa s na kwa m mfululizo, na hakuongeza kitu.

Kanuni hizi ni za majina ya Kielfi. Majina ya hobiti, wale watu wafupi wa hadithi hiyo, kama Baggins, ni ya Kiingereza na yasomwe hivyo. Ya Rohan, ufalme mwingine wa binadamu, yanafuata Kiingereza cha kale, na éo ndani yake huungana, kwa hiyo Éomer ni EO-mer, silabi mbili. Vibete wa chini ya milima wana kh na th za aina yao: ni k au t yenye pumzi nyuma yake. Wenyeji wa Mombasa na Lamu wanaotofautisha "paa" ya nyumba na "paa" mnyama kwa pumzi ya ile p wataisema Khazad-dûm vizuri kuliko mtu wa Oxford.

Tolkien ameacha pia kitu kizuri kwa anayeigiza. Anasema maorki, wale viumbe waovu wa hadithi yake, na baadhi ya vibete walitumia r ya nyuma ya koo, na Waelfi waliichukia sauti hiyo. Mwendesha mchezo akizungumza kama orki apeleke r yake kooni, karibu na gh. Akigeuka Mwelfi airudishe kwenye ncha ya ulimi. Wachezaji watajua nani anaongea kabla hajatajwa.

Neno kwa wanaotunga dunia zao kwa Kiswahili. Msiige tahajia ya Kiingereza ili jina lionekane la ajabu. Wachezaji wa mchezo wa Dungeons & Dragons wamebishana miaka mingi kuhusu jamii inayoitwa "drow", kwa sababu ow ya Kiingereza husomwa kwa namna mbili, kama katika "now" au kama katika "low". Ilifika mahali jarida la Dragon, toleo la 93 la Januari 1985, likachapisha mwongozo mzima wa matamshi ulioandaliwa na Frank Mentzer. Herufi zetu hazina ugonjwa huo. Acheni c peke yake, q na x. Alama ya ritifaa iwe ya ng' tu, isitawanywe kama pambo, maana msomaji ataisimamia kila akiikuta. Mkazo usipokuwa mahali pake pa kawaida, wekeni alama juu ya irabu. Majina ya wahusika wakubwa wawili yasianze kwa silabi ileile. Kisha wapeni watu watatu jina hilo kwenye karatasi, kila mmoja kwa wakati wake, bila kuwatamkia. Wakilisoma kwa namna tofauti, rekebisheni tahajia, msiwalaumu wasomaji.

Kwa meza inayoanza wiki hii, nusu karatasi inatosha: majina kumi au kumi na mawili yatakayotajwa siku hiyo, kila moja limeandikwa kwa herufi za Kiswahili na silabi ya mkazo kwa herufi kubwa, likae mahali ambapo wote wanaliona. Mwendesha mchezo alitaje kila jina mara tatu ndani ya sentensi katika robo saa ya kwanza. Baada ya hapo atakayekosea asikatizwe katikati ya mchezo. Mwenzake alitaje jina vizuri zamu yake ikifika, na sikio litashika lenyewe.

Nawe Mhariri, gazeti likiandika habari za michezo au filamu hizi, naomba jina linapotajwa mara ya kwanza liwekewe alama ya mkazo: Galádriel, Dénethor, Ánduin. Alama moja kwa kila jina, nafasi haipungui.

Msomaji wako,
Tanga