Athumani, kuhusu Twaha na karatasi ya daktari

Korogwe, Juni

Swahibu yangu Athumani,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, mgonjwa ni magoti yangu tu, na magoti hayo unajua yalikoharibikia. Hofu ni kwenu mlio mbali. Shemeji msalimie sana, na watoto na wajukuu wa Ujiji wote, kila mmoja kwa jina lake; mimi majina yamenipita, mmezaana mno. Sijakuandikia tangu msiba wa Mzee Kilango, nawe hukuniandikia, basi tusidaiane. Simu yako kila nikipiga yule binti ananiambia haipatikani. Nimeona heri niandike, barua aje nayo Shaibu. Tena jambo lenyewe si la kusemwa simuni wakati mtu kasimama nyuma ya mlango anasikiliza.

Mtu huyo ni Zaina, na jambo ni mwanawe, Twaha. Kamaliza kidato cha sita, majina ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, yametoka, kapangiwa kambi ya Bulombora. Mkoani kwako huko! Mababu wa watu wa Kigoma walikuja huku kwetu kukata mkonge, wewe peke yako ukaenda kinyume ukafuata mke, na sasa mjukuu wangu naye anakufuata.

Tangu siku ile nyumba haikaliki. Zaina kaisoma ile orodha ya vifaa mpaka kaihifadhi. Bukta ya bluu iliyokolea, yenye mpira kiunoni, ifike magotini, isiwe na zipu. Fulana ya kijani. Raba. Shuka mbili za bluu bahari. Kila akisoma mstari anashusha pumzi kama anasomewa hukumu. Nikamwambia, mwanangu, sisi hatukuambiwa rangi ya shuka, maana shuka hazikuwepo. Akakasirika, akasema nyakati zile si hizi. Kweli si hizi. Lakini yeye hajui hata hizi, maana wakati anamaliza shule JKT ya mujibu wa sheria ilikwishasimamishwa, tangu 1994, ikarudi 2013. Katikati hapo kuna watu wazima wengi, wana vyeo na vitambi, wasiojua kulala kwenye hanga na watu mia. Hao ndio wanaopeleka watoto leo, na hao ndio wenye hofu.

Sasa nisikilize vizuri. Zaina anataka karatasi ya daktari. Iseme Twaha ana pumu. Twaha huyu huyu anayekimbiza mpira tangu alasiri mpaka mtu haonani na mtu! Na daktari anayemtaka ni nani? Ni Dokta wenu, mtoto wa Idrisa. Kaniomba mimi nimpigie, kwa kuwa ataniheshimu kama baba yake. Nimesema nitaandika. Sikusema nitamwandikia nani.

Ndiyo nakuandikia wewe, baba yake mkubwa. Mwambie kijana asitie mhuri. Usimgombeze, hajafanya kosa, pengine hata hajaombwa bado. Mwambie tu kwamba babu yake Twaha hataki, na kama ataulizwa kwa nini, aende akamuulize Idrisa aliendaje vita vya Uganda.

Najua hapo nimekugusa pabaya. Lakini nani mwingine nizungumze naye haya? Wenzetu waliobaki huku ni Hemedi, na Hemedi ukimtajia vijana anataka wachapwe viboko wote, waliokwenda na wasiokwenda. Idrisa mwenyewe ukimuuliza anacheka. Anasema, "Mimi niliitwa Feruzi kwa muda wa vita nzima, nikazoea." Unakumbuka? Jina kwenye orodha halikubadilishwa. Mwenyekiti alitakiwa apeleke idadi yake ya mgambo, Feruzi hakuonekana, usiku uleule Idrisa akatolewa ndani, na kwenye lori wakaita "Feruzi!" akajibu "Naam!" Wewe tayari ulikuwa JKT Ruvu. Mama yenu akabaki na nyumba tupu.

Kwa hiyo miaka yote uliyokataa kumpa Feruzi mkono, mimi sikukulaumu. Leo pia sikulaumu. Ila nimekuwa nikimfikiria yule mtu kwa sababu ya karatasi hii ya Zaina, na naona namfikiria tofauti na zamani.

Mwaka ule wa 1978, Novemba, tulisikiliza redio ya Mzee Kilango pale dukani, Mwalimu akisema juu ya Amin, uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Watu wakapiga vigelegele. Feruzi alikuwepo, kasimama karibu na mimi, ana ndoa changa. Naamini pale pale aliposikia neno nia alijipima mwenyewe akajua yeye hana. Kesho yake akamwambia katibu "nakuja, nakuja", na huku njia ya Mombasa kaishaijua. Jina la Bwana Nakuja likamshika mpaka leo, hata wajukuu zake wanalijua.

Yule alikuwa mwoga. Nakubali. Lakini nikae mimi nimhukumu kwa woga? Wewe mwenyewe hunikumbusha Lukaya, kule Uganda, kila tukikutana, eti mgambo mlikimbia. Tulikimbia, ndiyo! Brigedi yetu ya 201 karibu yote ilikuwa mgambo, wengi hatujawahi kuona vita, jioni ile ya Machi Walibya wa Amin wakaturushia yale makombora, yakapita juu ya vichwa hayakumpata karibu mtu, na bado tukatawanyika ndani ya mafunjo kama bata. Mpaka wenzetu wa Brigedi ya 208 walipozunguka na kutokea upande wa pili asubuhi yake, ndipo mambo yakageuka. Kwa hiyo anayeniambia askari ni yule asiyeogopa, namsikiliza kwa adabu, kisha naenda zangu. (Hemedi anaapa hakukimbia. Mimi nilimwona mgongo.)

Feruzi alikimbia kwa miguu yake, akajulikana kakimbia, akarudi vita vimekwisha na mabunda ya khanga na sabuni, wakati ule Mwalimu ametuambia tufunge mikanda miezi 18 na sabuni haionekani dukani. Akatuuzia. Sisi tuliotoka Kampala tunanunua sabuni kwa Bwana Nakuja, tena kwa bei ya kulangua! Nilimchukia siku zile kuliko nilivyomchukia nduli Amin. Lakini ametukanwa usoni, kwenye harusi, kwenye misiba, ameimbwa ngomani, na hakuhama kijiji. Na sijui kama shemeji alikwambia, siku ya kumzika Mzee Kilango lori lililobeba watu lilikuwa lake, na sanda alinunua yeye. Wenzetu wa vita vya Uganda waliokufa huku tangu tumezeeka, kwa wote ni hivyo hivyo. Anakuja, anasimama nyuma, anaondoka. Idrisa ndiye anayekwenda kumshika mkono, halafu wanacheka wao wawili, "Feruzi!" "Naam!" Sijui wanachekea nini. Sitakwambia umsamehe, hilo lako na marehemu mama.

Ninayemchukia mpaka leo ni yule mwingine. Jina silitaji, barua hupotea njiani. Yule mtoto wa bwana wa ghala. Yeye hakukimbia kokote. Alilala kwao. Siku ya kuhesabiwa ikaja karatasi yenye mhuri kwamba moyo wake mbovu, na mwenyekiti akaipokea kwa mikono miwili. Moyo gani? Vita vilipokwisha tulimkuta anacheza winga timu ya wilaya, na winga mwenyewe hashikiki! Hakuna aliyemwimba ngomani. Hana jina la utani. Kila 25 Julai, Siku ya Mashujaa, utamkuta viti vya mbele, na mwaka jana akapewa na nafasi ya kusema neno, akasema vijana wa siku hizi hawana uzalendo. Hemedi akapiga makofi. Nilitaka kuinuka, magoti yakakataa.

Umeona sasa kwa nini sitaki karatasi? Woga wa Zaina naujua, ni mama. Angeniambia, "Baba, mimi simpeleki, na nikiulizwa nitajibu simpeleki," ningenung'unika lakini ningemsikiliza. Anachotaka yeye ni mtoto asiende na pia asihesabiwe kwamba hakwenda. Na mhuri utoke mkononi mwa mtoto wa Idrisa! Hapo ndipo ninaposhindwa kumeza.

Yeye anajibu kwamba hii si vita, ni miezi mitatu ya mchakamchaka na kulima, hakuna mtu atakayechukuliwa badala ya Twaha, basi kosa liko wapi? Anasema wapo walioitwa hawakwenda na leo wanasoma vyuoni bila neno. Hapo ananishinda kidogo, sikufichi. Kweli hakuna Idrisa wa kutolewa kitandani safari hii. Namjibu kwamba ikishakuwa wenye kumjua daktari wanabaki na wasiomjua wanakwenda, basi ni ile ile ya bwana wa ghala, bunduki iwepo isiwepo. Yeye anasema nina maneno ya chama kimoja.

Halafu hata hao wasomi wetu wakubwa hawakuipenda. Tulikuwa watoto, lakini baba yangu alikuwa hachoki kuisimulia ile ya 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana na mabango kuikataa sheria ya kwenda JKT, kwa sababu kubwa ya mshahara: kwa sehemu kubwa ya ile miaka miwili ya utumishi wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu akawarudisha makwao zaidi ya 300, na mshahara wake yeye akaukata kwa asilimia 20. Baba alikuwa anafurahi sana akifika hapo. Mimi leo nikiifikiria naona wale vijana angalau walibeba bango, na sura zao zilionekana. Walikosea, mimi nasema walikosea, mkulima aliyewasomesha hakuwahi kuuona hata huo mshahara uliokatwa. Lakini waliadhibiwa, wakarudi, na wengine wakaitumikia nchi vizuri. Hakuna aliyejifanya ana moyo mbovu.

Na usidhani nimekuwa kama Hemedi. Kulazimisha watu kwenda vitani mimi sikutamani tena kwa mtoto wa mtu yeyote. Mtu aliyetolewa kitandani usiku hawi askari, anakuwa Idrisa, anajibu jina lisilo lake. JKT hii ya sasa naitetea kwa jambo moja tu: mtoto wa bwana mkubwa anakula maharage kwenye foleni moja na mtoto wa mkata mkonge, na afande hajui nani baba yake. Hilo kwenye nchi hii linapatikana wapi tena? Ila nalo likianza kuvuja kwa karatasi, basi bora waifunge tu, kila mtu akalale kwao.

Twaha mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Nikamuuliza mimi, juzi, tukiwa tunachambua maharage. Akaniambia yeye anaogopa jambo moja, kunyolewa. Kwa hiyo hilo ndilo taifa la kesho. Kisha akaniuliza kama Mzee Feruzi alifungwa. Nikasema hakufungwa. Akauliza, "Sasa alifanywa nini?" Nikawa natafuta cha kumjibu, mama yake akaingia.

Haya, nakuachia. Nijibu upesi maana siku za kuripoti zimekaribia. Utamwambia Dokta? Au unaona nimwachie Zaina afanye atakavyo, mtoto ni wake? Bulombora na kwako Ujiji ni mbali kiasi gani, na kwenye kambi siku hizi wanaruhusu mzee kuja kumjulia hali kuruta, au watakufukuza getini? Baridi ipo huko usiku, nimfungie sweta? Maleria je? Na wewe nikuulize kwa kuwa uko mbali na huwezi kunirushia fimbo: tangu mama amefariki, umewahi kukaa na Idrisa akakueleza ile safari kwa kinywa chake, au wote tunampigia hesabu sisi? Na kama Feruzi akitangulia kufa, utakuja?

Shaibu nimempa pia kifurushi cha chai kutoka Lushoto na dawa ya magoti, ile ya kuchua. Ya kunywa imekwisha, nimeimaliza mimi.

Wako, 
Hamisi

Tena: simu yako kama imeharibika sema, Twaha akija atakuletea ile yangu ya zamani. Akija.