Si uhuni kujifunza mwendo kasi uwanjani

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya wasomaji niwajibu wanaodhani kwamba siku za wazi katika viwanja vya mashindano ya magari hapa Uingereza, ambazo mtu wa kawaida hulipia ili aingie na gari lake mwenyewe, ni mchezo wa wahuni wenye fedha. Ukifika Brands Hatch, Kent, utakuta kinyume chake: huruhusiwi kuingia uwanjani kabla ya kusikiliza maelezo ya usalama, kofia ngumu ni lazima, kushindana kwa kupimana muda ni marufuku, na humpiti mwenzako mpaka akupishe.

Kona ya kwanza, Paddock Hill, ndiyo mwalimu mkali. Inakata kulia huku barabara ikiporomoka, hivyo dereva haoni vema anakoelekea. Mkufunzi aliyeketi kando hukuhimiza ukanyage breki kwa nguvu gari likiwa bado limenyooka, kisha uiachie taratibu kadiri unavyozungusha usukani, kwa kuwa tairi lililokwisha kutumia mshiko wake wote kwenye breki halibakiwi na mshiko wa kukata kona. Mazda MX-5 kuukuu, yenye nguvu za wastani, hufundisha somo hili vizuri kuliko gari la kifahari (na breki zake hazikufilisi).

Ila wahusika wasome kwanza mikataba yao ya bima, maana bima nyingi za kawaida hazilipii ajali za uwanjani.

Msomaji wako,
London