Barua kwa Mwanangu Aliyesema Tanga Hakuna Chakula

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku Mwanza hatujambo, mgongo wa baba yako umetulia, na wadogo zako wanakusalimu.

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza nilidhani macho yangu yamekosea. Umeandika kwamba una siku tisa tangu uripoti kazini Tanga, kwamba katika siku hizo umekula chipsi kuku mara sita, na kwamba mji huo hauna chakula. Kukulea kwa sato na sangara ni kosa langu na la uhamisho wa baba yako, nalikubali. Lakini mimi nilizaliwa Ngamiani, huko huko Tanga, nimepanda juu ya mbuzi ya kukunia nazi kabla sijajua kusoma, na mpaka siku niliyoolewa nilikuwa mkono wa kulia wa marehemu bibi yako katika mgahawa wake wa mabenchi mawili. Neno kama hilo siwezi kuliacha lipite, hasa likitoka kwako.

Nadhani najua lililokupata. Unatoka ofisini saa kumi na moja jioni, unapita barabara za mjini, unakuta majiko ya chipsi yamewashwa, na unahitimisha kwamba hicho ndicho kilichopo. Saa hiyo, mwanangu, Tanga ya nazi imekwisha kufunga tangu alasiri, nayo haifungi kwa uvivu. Chakula cha nazi hakilali. Tui likikaa katika joto la pwani huchacha upesi kuliko maziwa, na mpishi mwenye haya hupika kiasi kitakachokwisha mchana, akaosha sufuria na kwenda zake. Mgeni anayekula usiku tu hatautambua mji huo hata akikaa mwaka mzima.

Basi nikueleze tui, kwa maana wewe umelizoea la pakiti, na hilo nalo ni kosa langu. Nazi iliyokunwa hukamuliwa kwa maji kidogo likatoka tui zito, kisha machicha yale yale hutiwa maji tena likatoka tui la pili, ambalo ni jepesi. Mboga, maharage au mchuzi hupikwa kwa tui jepesi mpaka viive, na tui zito hutiwa mwishoni, moto ukiwa mdogo na mpishi akikoroga bila kupumzisha mkono, kwa sababu likiachwa lichemke peke yake hukatika, mafuta yakajitenga na mchuzi ukabaki na chembechembe kama mtindi ulioharibika. Mchuzi uliopashwa moto mara ya pili huonekana hivyo hivyo. Ukiuona umekatika, lipa ulichokula kisha usirudi.

Alama nyingine hutazamwa kabla ya kuketi. Chungulia nyuma ya jiko. Ukiona vifuu vya leo na kuku wanaodonoa machicha, vuta kiti. Sisemi kwamba anayetumia tui la pakiti ni mwovu, maana gharama ninazijua na hata huku nyumbani mimi hulitumia. Ninachosema ni kwamba hukwenda Tanga kula ninachokupikia Mwanza.

Sasa, mahali. Ofisi ziko upande mmoja wa reli na chakula kiko upande wa pili. Vuka reli uingie Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa namba, ya tano, ya kumi, ya kumi na mbili, kwa hiyo huwezi kupotea hata ukitaka. Nenda asubuhi, saa kumi na mbili na nusu hivi, kabla ya kazi. Utawakuta akina mama wakiuza mbaazi za nazi na mahamri kwenye baraza za nyumba zao, bila kibao wala jina, na sufuria imefunikwa kwa sinia. Mbaazi hizo zimelowekwa usiku, zimechemshwa mpaka zinabonyea kwa kidole, kisha zikapikwa kwa tui pamoja na kitunguu, bizari kidogo na pilipili mbichi nzima ambayo haikupasuliwa, ili itoe harufu bila kuwachoma watoto. Hamri nalo si andazi ulilolizoea stendi. Unga wake umekandwa kwa tui na hiliki, ukaachwa uumuke, na likikaangwa hufura likabaki na uwazi ndani. Unalipasua, unachota mbaazi kwa upande mmoja, na upande wa pili unaubakiza kwa chai. Bibi yako alikuwa akisema kwamba anayekula mbaazi kwa kijiko ana haraka ya kwenda hospitali, lakini bibi yako alikuwa na maneno mengi.

Ukifika usianze kwa "nipe". Ni mji wa watu wanaoamkiana. Toa shikamoo yako, uliza waliamkaje, ungoje ujibiwe, ndipo uulize kama zimebaki. Nimewaona vijana waliokuja kutoka mbali wakiambiwa mbaazi zimekwisha huku mvuke unatoka kwenye sufuria.

Mchana ndio wakati wa wali wa nazi, na hapa sitaki ufanye ajizi. Omba ruhusa ofisini utoke saa sita na nusu, kwa maana kufika saa nane vyakula vizuri vimekwisha. Mimi hupenda majiko yaliyo karibu na soko la Mgandini na yale ya Makorora, kwa sababu nyepesi kwamba mpishi aliye karibu na soko hununua nazi, mchicha na nyanya asubuhi ile ile na hana haja ya kuweka akiba. Agiza wali, samaki wa kukaanga na kisamvu. Kisamvu cha Tanga hutwangwa, hakikatwi, na nazi yake huwa nyingi kiasi kwamba kijani hugeuka kuwa karibu kijivu; usiogope rangi. Mpishi akishakuzoea, mwombe ukoko wa wali. Hakuuzii, atakupa, na siku atakayokupa ujue umekuwa mwenyeji.

Kitu kimoja utakitafuta kwa shida ni bada, ule ugali wa muhogo, unaoliwa kwa mchuzi wa papa mkavu. Migahawa mingi hukwepa kuupika kwa kuwa wageni huuona mweusi na unanata, na papa ananuka mtaa mzima. Ukipata mahali wanapoupika, hata kama ni mara moja kwa wiki, nijulishe upesi, kwa sababu mwaka jana nilipokuja niliuhangaikia siku tatu nikaupata nyumbani kwa mtu.

Katika safari hiyo hiyo nilifanya kosa ambalo sitaki ulirudie. Nilichelewa kutoka Muheza, njaa imenikaza, nikaingia saa tatu usiku katika mgahawa mmoja wenye taa nyingi na viti vya kuzunguka, nikaagiza samaki wa nazi. Waliniletea upesi mno. Nilitia kijiko, nikaona zile chembechembe, na badala ya kuinuka nikajiambia kwamba ni uchovu wa macho. Usiku kucha nilikuwa mlango wa choo. Mimi, binti wa mpishi! Mama yako mdogo mpaka leo hunicheka.

Kuhusu samaki, umeuliza kwa nini bei imepanda na kwa nini wengine hawana ladha. Umefika wakati wa kusi. Upepo huo huchafua bahari, ngalawa nyingi hazithubutu kwenda mbali, na migahawa hujazia kwa samaki wa barafu. Angalia usije ukakaa ufukweni Tanga ukala sangara wa Mwanza bila kujua. Subiri kaskazi ianze kuvuma kuelekea mwisho wa mwaka, bahari itulie, ndipo utamjua changu ni nani na kolekole ni nani. Kwa sasa nenda mwenyewe soko la samaki la Deep Sea asubuhi mashua zinaporudi, uchague kwa macho, umpelekee mpishi akupikie kwa malipo ya mkono wake. Wengi hukubali ukiwaomba kwa adabu. Shika samaki mkononi: nyama iwe ngumu, shavu liwe jekundu, jicho liwe limejaa. Enzi za wavuvi wa baruti tulikuwa tukitazama pia kama mifupa imeachana na nyama na kama damu imevilia tumboni, kwa maana samaki wa baruti huoza haraka hata kama amefika asubuhi. Uovu huo umepungua sana, lakini mkono wangu bado humbonyeza kila samaki kwa mazoea.

Pweza, kwa upande wake, huliwa kwa hesabu ya mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali, miamba hubaki wazi, na wachokoaji wa pweza hutembea kwa miguu wakiwatoa mashimoni. Siku hizo ndizo za kusimama jioni kwenye meza ya muuza pweza, akukatie vipande, akukamulie ndimu, akumiminie na supu kikombeni. Siku za maji mafu, yasiyotoka mbali, anayekuuzia pweza mwingi amemweka tangu wiki iliyopita, na utamjua kwa kutafuna.

Jioni nyingine ni za moto na mafuta, na hapo sina ugomvi na mji. Kuna mishkaki, mihogo ya kuchoma, bajia za kunde, mkate wa kumimina. Tazama tu rangi ya mafuta kwenye karai. Hata chipsi zako ule, kama mafuta hayajawa meusi, ila usiniambie tena kuwa ndizo Tanga. Muuza kahawa utamsikia kwa mlio wa vikombe kabla hujamwona. Kahawa yake ni chungu na kashata ndiyo sukari yake. Mabaraza ya kahawa ni ya wanaume zaidi, na wanazungumza siasa na mpira kwa sauti, lakini hakuna atakayekukatalia kikombe.

Umeandika pia kwamba mwezi ujao wakubwa wako wa Dodoma watakuja na umepewa kazi ya kuwalisha. Usiwapeleke kwenye baraza za mbaazi, watakaa na suti zao na watamtia mama wa watu wasiwasi. Mchana waonyeshe Patwas, mgahawa wa Kihindi wa siku nyingi mjini, wapate kitu baridi cha kunywa na chakula chenye viungo. Jioni wapeleke Raskazone, Mkonge Hotel, wakae bustanini waitazame bahari. Wageni wa bara ukiwapa bahari umewapa nusu ya chakula.

Ukitaka kuwaheshimu kweli, muagize mpishi mapema asubuhi awapikie samaki wa kupaka. Hapo ndipo kanuni yangu ya nazi na usiku huvunjwa kwa halali, kwa sababu tui hukamuliwa kwa ajili yao. Samaki hupasuliwa, hupakwa saumu, tangawizi, chumvi na ndimu, huchomwa juu ya makaa mpaka akaribie kuiva, na hapo ndipo tui zito lililopikwa na ukwaju likawa kama uji hupakwa juu yake tabaka baada ya tabaka, akigeuzwa, mpaka linashika na kuanza kuungua pembeni. Kazi hiyo haifanywi kwa dakika ishirini. Mgahawa utakaokuambia samaki wa kupaka yuko tayari, mwulize alipakwa lini.

Mmoja wao hakosi kuuliza habari za silikanti, yule samaki wa kale ambaye wavuvi wa Tanga walianza kumnasa kwenye nyavu mwanzoni mwa miaka ya 2000, hata hifadhi ya bahari ikaanzishwa kwa jina lake mwaka 2009. Mjibu kwa upole kwamba silikanti halindwi ili aje mezani, na kwamba nyama yake ina mafuta yasiyofaa kuliwa. Kisha msogezee sahani ya changu.

Asubuhi unapokuwa huna muda kabisa, mtindi wa Tanga Fresh unatosha. Kiwanda kiko huko huko na maziwa ni ya wafugaji wadogo wa mkoa huo, kwa hiyo una haki ya kuunywa ukiwa mpya kuliko sisi. Ongeza machungwa ya Muheza, hata yakiwa ya kijani. Rangi ya ganda isikudanganye.

Nimempigia simu mama yako mdogo wa Makorora. Amesema ana hasira na wewe kwa kukaa siku tisa bila kubisha hodi kwake, na kwamba Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi atakuwa barabara ya kumi na mbili, amevaa kanga ya bluu. Chukua chombo chenye mfuniko unaobana, kwa sababu mbaazi humwagika kwenye bajaji, na usivae nguo nyeupe.

Wasalaam,
Mama yako